Macho Wazi Wakati wa Sala

Katika shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakatoliki hapa Wamaza, sala ya mwisho husaliwa kwa macho yaliyofumbwa. Mimi huwa sifumbi. Kwa miaka thelathini na moja nimesimama mbele kusoma Maandiko, kwa kuwa nasoma vizuri kuliko wote. Nilijifunza katika shule ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto watatu, na hadi leo sivai miwani. Lakini Mungu simwamini. Sijui imani ilinitoka lini. Sikumwambia mtu, hata mke wangu Régina. Wenzangu wanapofumba macho, mimi huwatazama tu.

Alhamisi moja, wiki ile tuliyomzika Gérard, mwongozi wetu, tulisali nyumbani kwake, kwa mjane wake Yvette. Macho yangu yakazunguka chumbani, yakakutana na macho ya Régina. Alikuwa ananitazama. Hakushtuka.

Njiani nikamwuliza: "Mama Victorine, ulikuwa unaangalia nini mu sala?"

"Na weye?"

"Nzi. Ilikuwa mu kikombe ya Yvette."

"Basi na miye niliangalia ile nzi." Akacheka, akanipita na kikapu chake.

Siku tatu kichwa changu hakikutulia. Amejua tangu lini? Au naye haamini? Kama haamini, kwa ile rozari ya kila asubuhi anamwomba nani?

Jumapili Padri akafika kwa pikipiki kutoka Kasongo, matope hadi magotini. Watu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mimi nichukue nafasi ya Gérard. Kwetu mwongozi huweka mkono juu ya Biblia na kutamka mbele ya wote kwamba anaamini. Kusoma maneno ya wengine niliweza. Haya yangekuwa yangu. Nikikataa, wangetaka sababu. Nikikubali, ningewaapia uongo watu waliozoea kunisadiki.

"Muzee Ngoy, karibu mbele," Padri akasema.

"Afanye mbio, tuko na njaa!" akadakia Blaise, fundi wa baiskeli. Watu wakacheka. Nikasimama, lakini sikwenda mbele.

Ndipo Régina akainuka upande wa wanawake. "Padri, samahani. Bwana yangu haone tena muzuri. Yale masomo anayasema kwa kichwa, anaficha kwa sababu ya haya. Musimupatie hii kazi."

Mimi, sioni! Jana yake tu nilimsomea karatasi ya dawa zake, ile yenye herufi ndogo kama siafu. Na amedanganya kanisani, yeye! Nikafungua kinywa nimkanushe. Akanitazama vilevile kama Alhamisi.

"Ni kweli, Muzee?" Padri akauliza.

"Ni kweli, Padri."

Wakamchagua Clovis, ambaye hukwama katika kila mstari. Tulipotoka, mtu alinishika mkono kunivusha kizingiti, nami nikamwachia mkono. Sikujua kama nimeokolewa au nimeadhibiwa.

"Kwa nini ulisema vile?" nikamwuliza Régina nyumbani.

"Kula, Baba Victorine. Sombe inapoa."

Alhamisi iliyofuata nilikaa nyuma, mkekani, Régina kando yangu. Sala ya mwisho ilipoanza nikafumba macho, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilijua kwamba nikiyafumbua nitaona kama yake yako wazi. Clovis alisali kwa muda mrefu sana. Sikuyafumbua.