Jiwe la Kiwanja cha Kumi na Nne

Saa nane mchana, Jumanne ya pili ya Machi, wakazi wa kata ya Norheim, Minnesota, waliketi ukumbini kwa mkutano wao wa mwaka. Meza ya nyuma ilikuwa na maharage ya kuokwa na pai tatu za tufaha. Karani, Arvilla Stenerud, alitandaza ramani ya kata na kuzigandamiza pembe zake kwa vikombe.

Kata hiyo ilipimwa mwaka 1858: maili sita kwa maili sita, ikagawanywa viwanja thelathini na sita, na kila pembe ikawekewa jiwe lililochongwa msalaba. Tangu hapo vilima, kijito na makaburi yake hutajwa kwa namba.

"Jiwe la kiwanja cha kumi na nne limeondoka lini mwaka huu?" aliuliza mwenyekiti.

"Jumapili, watu wakiwa kanisani," alijibu Arvilla. "Hatua mia mbili kuelekea mashariki, kama kawaida. Limeacha mfuo kwenye theluji."

"Lina bidii kuliko Delmar," alisema mzee mmoja. "Yeye Jumapili hata kitandani hatoki."

Watu walicheka, na Delmar Haugen pia alicheka.

Mwaka 1894 babu yake Delmar aliling'oa jiwe hilo kwa maksai na kulisogeza magharibi, wakati jirani yake, babu yake Verna Tollefson, akiwa hoi kwa homa ya matumbo. Kwa njia hiyo chemchemi isiyoganda ikahamia kwa akina Haugen. Jambo hilo halikuwa siri. Limo katika kitabu cha karani, ukurasa wa arobaini na moja, chini ya kichwa "Marekebisho". Kila Machi jiwe hurudi lenyewe lilikotoka, na kila Machi watu wawili hulibeba na kulileta tena kwenye ua wa Verna.

Agosti iliyopita kisima cha Verna kilikauka. Bila chemchemi, ng'ombe wake kumi na wanne wasingeufikia mwezi Juni. Asubuhi ya mkutano kaka yake, Orrin, alikula mayai jikoni kwake na kumwambia, "Usihangaike, dada. Wewe toa hoja, mimi nitaiunga mkono. Damu ni damu."

Verna akasimama. "Bwana Mwenyekiti, natoa hoja kwamba jiwe liachwe lilipo, na ramani ifuate jiwe."

"Kuna anayeunga mkono?"

Katika Norheim, hoja isiyoungwa mkono hufa, wala haijadiliwi. Mwenyekiti alisubiri muda unaotosha mtu kukoroga kahawa. Orrin alikuwa akikoroga yake. Binti yake aliolewa na mwana wa Delmar vuli iliyopita.

"Orrin," alisema Verna.

"Hapa pana watu wengi, dada," alisema Orrin bila kuinua macho. "Tutaongea nyumbani."

"Hoja imekufa," alisema mwenyekiti.

Delmar akatoa hoja kwamba jiwe lirudishwe kama ilivyo desturi. "Sina ubaya na mtu, Verna," aliongeza. "Unajua nakuheshimu."

"Naunga mkono," alisema Orrin.

Wote walisema ndiyo. Arvilla aliandika, akampa Verna kipande cha pai, kisha akamkumbusha kwamba nyumba iliyo jirani na jiwe huwaandalia wabebaji kahawa.

Saa kumi Delmar na Orrin walilishusha jiwe kutoka kwenye gari, wakalichimbia shimo lile lile, wakafuta miguu na kuingia jikoni. Verna alimimina vikombe viwili. Ili kupata maji ya kuchemshia kahawa hiyo alikuwa ameyeyusha theluji.

Dirishani jiwe lilionekana limekwishageuza msalaba wake kuelekea mashariki.

"Mwakani litawahi zaidi," alisema Delmar.

Orrin akaomba sukari.