Nuru Inayopita Juu ya Alunguli

Mama mkwe wangu, Bernadette, ameniharibia makaa kwa miaka minne. Kila jioni nakaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba yetu huku Alunguli, na kila akiona nuru inatembea angani huteremsha karai, akaimwagia mbabula, jiko langu la makaa, maji mpaka yazime. Wateja huondoka mikono mitupu. Mama mkwe sina ruhusa ya kumgombeza, kwa hiyo hasira zangu huishia kwenye kinyunga cha unga ninachokanda.

Chanzo nakijua. Wakati wa vita ndege zilikuja jioni kutafuta mioto ya watu. Mdogo wake, Victorine, alikataa kuzima wake; mihogo ilibaki kidogo tu iive. Bomu halikungoja.

Juzi mume wangu, Jérémie, akapata dawa. Simu yake inataja saa ambayo ile nuru, kumbe nyumba ya wanaanga, itapita juu yetu: saa moja kasorobo. Nikamketisha mama mapema karibu na moto.

“Hii haiko ndege ya vita, mama. Iko nyumba, inazunguka dunia. Iko na watu saba ndani.”

“Wanafanya nini kule juu?”

“Wanatumika kazi tu.”

“Na bomu?”

“Hawana hata moja.”

Akanitazama kama vile mimi ndiye muuza mchele aliyeshikwa na kipimo kibovu. Ndoo yake ya maji hakuiachia.

Ikatokea ng'ambo ya mto, nyeupe, bila mlio wowote. Mama akasimama. Niliogopa, nakiri, na wala si kwa ajili ya mikate. Nilitamani mno aione nuru moja ikipita bila kuua mtu. Aliivuta ndoo karibu naye hata maji yakamrukia miguuni, lakini makaa yaliendelea kuwaka, na nuru ikatupita utosini. Ilipofika upande wa Kalima ikafifia, ikapotea, na anga lilikuwa safi kabisa.

“Wamezima,” akasema.

Nilikuwa tayari kumweleza kwamba imeingia kwenye kivuli cha dunia. Somo hilo nilikuwa nimelikariri mchana kutwa.

“Wameona moto yetu,” akaendelea polepole. “Wameogopa, masikini. Watoto ya watu, saba.” Akainua ndoo. “Tuwazimie na sisi, Joëlle. Wapite.”

Wateja wanne walikuwa wakingoja. Nikateremsha karai mwenyewe, nikamsogezea mbabula.