Mstari wa Kijani Ukutani

Mstari wa mke wangu ulikuwa unapanda ukutani. Ulianzia chini kabisa, karibu na swichi ya taa, ukasuasua kidogo, kisha ukashika njia kuelekea darini, kijani kibichi, kama mmea uliotiwa mbolea. Mwenyewe alikuwa na mwezi wa tatu kaburini.

"Huyu ni mgonjwa namba kumi na saba," alisema mkuu wa mradi, akiuonyesha mchoro uliomulikwa ukutani. "Tazameni alikoanzia, tazameni alikofika."

Namba hiyo ilikuwa imebandikwa mgongoni mwa simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Binti yangu aliijua pia. Akanishika mkono.

"Baba, tulia."

Nitulie vipi? Nilikuwa nimekuja kuwasema. Walituita sisi ndugu wa wagonjwa tuje tutathmini simu zao za kufuatilia wagonjwa, wakatupa soda na kalamu. Jumatatu iliyofuata simu hizo zingepelekwa zahanati zote, na masista, wale wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani, wapangiwe kazi nyingine. Kwetu sisi wa majaribio, sista walishamwondoa zamani. Shule niliishia darasa la nne, lakini mimi ni fundi makochi, na hili nalijua: hung'oi mguu wa kochi mtu akiwa bado amelikalia. Wakubwa hawa waling'oa.

Sista wetu alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Kila Jumanne aliingia hata kabla hajakaribishwa.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri tu, sista."

Mke wangu angejibu hivyo hata paa likiwaka moto. Sista hakujali jibu. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akarudi kiuno kakishika. "Nzuri gani, na sufuria imelala tangu jana? Huyu shemeji yangu unamlisha sponji za makochi?" Mke wangu alicheka, na kicheko chake wakati ule kilikuwa adimu. Sista hakuondoka mpaka vidonge vimemezwa mbele yake, vya sonona na vya presha.

Kisha ikaja simu. Kila siku saa nne asubuhi ililia kama kengele ya baiskeli, ikauliza: Leo unajisikiaje? Chini yake nyuso tano, kuanzia inayolia hadi inayocheka. Halafu: Umemeza dawa? Mke wangu aliitazama siku mbili, ya tatu akaifunika kwa kitambaa. "Inanikodolea macho," alisema. "Nenda nayo wewe kazini."

Nikaenda nayo.

Haya ndiyo niliyoyajua mimi peke yangu, pale kwenye kiti cha plastiki, mstari ukipanda.

Nikanyanyua mkono. "Mkubwa, mbona umekatika pale juu?"

"Hapo aliacha kutumia, mzee," alisema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto. "Wengi wakishapata nafuu huacha."

Binti yangu alivuta pumzi, akaniwekea kiganja mgongoni. Alitaka nipige kelele, nadhani. Na kelele nilikuwa nazo. Lakini kwenye kona alikaa mwanamke kijana mwenye kompyuta, mtathmini aliyeletwa kutoka nje ya mradi, na vidole vyake vilikuwa vimesimama. Alikuwa ananitazama mimi, si ukuta. Nikaona wazi kwamba nikitukana, ataandika: mzee alikuwa na uchungu. Na mstari ule utabaki pale pale ukutani, unapanda.

Nikasimama. Nikaitoa simu, nikaiweka mezani kifudifudi, namba ikionekana.

"Hakupata nafuu. Alikufa. Presha. Nilipofumua kochi letu nikakuta vidonge ameviingiza kwenye mshono, vingine bado vyeupe. Alikuwa hali, halali, hasemi. Na hizo nyuso zinazocheka, hakubonyeza yeye."

"Alibonyeza nani?" akauliza mtathmini.

Kiganja cha binti yangu kilikuwa bado juu ya mgongo wangu.

"Mimi. Simu inalia nikiwa na gundi mikononi, mteja amesimama. Ukibonyeza uso unaolia, inakuja foleni ya maswali. Ukibonyeza unaocheka, inanyamaza. Nikabonyeza unaocheka. Dawa amemeza? Ndiyo. Kila siku."

Kiganja kikaondoka.

Mkuu wa mradi alikohoa. "Pole sana, mzee. Lakini huyu ni mmoja. Mmoja hawezi kuharibu takwimu."

"Na mimi nilikuwa na huyo huyo mmoja."

Nyuma kabisa mama mmoja mshona nguo akasema, bila kusimama, "Mimi ya kaka yangu humbonyezea. Ananitupia simu, nifanyeje?" Watu wakacheka, wakaacha kucheka. Mkono mwingine ukanyanyuka, na mwingine.

Mtathmini alinifuata mlangoni. "Mzee, niandike nini hasa?"

"Andika kwamba kidole kilikuwa changu. Halafu andika kwamba hakuna mtu aliyekuja kukitazama. Yote mawili. Usiandike moja ukaacha lingine."

Akanisomea alichoandika. Yalikuwemo yote mawili.

Njiani binti yangu alitangulia. Tulipofika karibu na kwake aligeuka. "Kila siku, Baba?"

"Kila siku."

Akaingia ndani. Sikusikia sauti yake hadi mvua zilipoanza.

Wale wakubwa siwasamehe, nao hawajaniomba. Lakini Jumatatu ile simu hazikwenda popote, na masista waliachwa kwenye njia zao "kwa sasa", kama walivyosema kwenye barua. Mstari wa kumi na saba waliufuta.

Jumanne moja, nikiwa nyumbani naumwa mgongo, mlango ukasukumwa. Kiatu kikubwa, halafu sauti.

"Habari za hapa, shemeji? Binti yako kanituma."

"Nzuri tu, sista," nikasema.

Alikuwa ameshanipita. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukiinuliwa, na sufuria yangu ilikuwa imelala tangu juzi. Nikabaki nimekaa kwenye kochi, nikamngoja arudi.