Atakuwa Wapi

Kaberia alifungua mlango wa nyuma wa gari pale sokoni Laare, na kikasha kidogo kilichofungwa kwa kamba ya katani kikatutazama usoni. Kilikuwa cha Celina, fundi wa cherehani. Kwenye karatasi yangu ya njia huyo Celina alikuwa wa kumi na saba, tena wa Maua, na Maua hatukuwa tumesimama hata kunywa maji. Nilikuwa na barua ya onyo mfukoni, ya tatu, yenye jina la Kaberia. Ya tatu ndiyo ya kufukuzwa kazi. Kilichobaki ni mimi kushuhudia kwa macho yangu kwamba dereva huyu anaidharau karatasi yangu, na haya sasa, nilikuwa nashuhudia.

Celina alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake kandokando ya soko. Alifungua kikasha, akatoa miwani, akaivaa. Hakutushukuru kwanza. Alichukua sindano, akalamba uzi, akautia mara moja tu, kisha akaiinua sindano juu ili wenzake wote waione.

"Miezi miwili natiliwa uzi na majirani!" alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akamgeukia Kaberia. "Phyllis hajambo? Mwambie nilikaa papa hapa, vile tulivyoelewana."

Phyllis? Phyllis alikuwa mpakiaji wetu pale Meru. Mama wa miaka hamsini hivi, mwenye aproni ya bluu na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Nilidhani Celina amekosea jina. Lakini hatua ishirini mbele mwalimu Mithika alipokea vitabu vyake akauliza, "Phyllis hajambo?" Na mwenye duka la dawa za mifugo vilevile. Hakuna aliyeuliza habari za Kaberia aliyewaletea, sembuse mimi niliyevaa tai.

Haki ya Mungu, tai. Mwaka huo wa 1997 nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi ni Mwembu, Kivuti kwa jina, na kampuni yetu ya kusafirisha vifurushi ilikuwa imenitoa makao makuu Embu kwenda kuinyoosha ofisi ya Meru. Nilipanda gari na cheti changu, rula ya chuma na ramani kubwa iliyokunjwa mara nane. Kimeru changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kwa hivyo nilizungumza Kiswahili cha shuleni, tena kile cha kutoa amri. Kila asubuhi niliandika karatasi ya njia: wa kwanza fulani, wa pili fulani, kuanzia karibu kwenda mbali. Chini kabisa palikuwa na mstari uliochapwa, *Imepangwa na*, na hapo niliweka sahihi yangu yenye mkia mrefu.

Anwani nilizipata kwa vifurushi vyenyewe, yaani S.L.P. fulani, Maua. Sikujua kwamba sanduku moja la posta ni la kanisa zima. Celina aliabudu Maua, barua zake zikapitia kwa kanisa, basi mimi nikamhamishia Maua na cherehani yake. Kwa karatasi yangu, watu thelathini walikuwa wanaishi ndani ya sanduku moja la chuma.

Tulipomaliza Laare tulirudi taratibu, Kangeta hivi, Kianjai hivi. Pale Kianjai Kaberia aliegesha kando ya hoteli, akamshushia mwenyewe boksi lililofuata mlangoni, akaagiza chai, na nikaanza kufoka kwamba muda wa kazi si wa chai. Akaangalia saa, akanyoosha kidole barabarani. Ghafla pikapu za miraa zinazokimbilia Nairobi zikaanza kupita, moja, tatu, saba, taa zimewashwa mchana, zikichukua barabara yote kana kwamba ilijengwa kwa ajili yao. Wee! Vikombe vilitetemeka mezani. Kwa karatasi yangu, saa ile tungekuwa ndiyo tunapanda kuelekea Maua, uso kwa uso nazo.

"Hiyo chai nayo ni ya Phyllis," Kaberia akasema.

Nikamwambia anieleze yote. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kuongea, lakini hapo hakucheka.

"Mkubwa, mimi nafungua mlango tu. Mzigo wenye uko mbele ndio natoa. Nikitaka kufuata karatasi yako, inabidi nishushe gari lote hapa kwa barabara."

Ndipo nikajua. Mpangaji wa njia aliyenitangulia aliambiwa na Phyllis, pale kaunta, kwamba karatasi yake inatuma gari mahali hakuna mtu. Alimjibu mbele ya wateja kwamba kazi yake ni mizigo, si fikira, akamwamuru akae nyumbani wiki mbili. Phyllis aliporudi hakusema neno tena. Alipakia tu. Cha kufika mwisho alikisukuma ndani kabisa, cha kufika kwanza akakiweka mlangoni, na gari likafuata njia yake bila yeye kufungua mdomo.

"Na barua zako mbili?"

"Zilikuwa zake," alisema. "Mimi nilizipokea tu. Angeenda wapi?"

Niliona haya, haya ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Kwa miezi mitano nilikuwa nimetia sahihi kazi ya mtu mwingine. Na huyu mwanamume alikuwa tayari kufukuzwa kuliko kumtaja.

Alhamisi Bwana Njiru, mkubwa wetu wote, akaja kutoka Embu. Hakuketi. "Barua iko wapi?"

Niliiweka mezani. "Iko hapa, lakini haina mwenyewe. Kaberia hapangi njia. Wala mimi sipangi. Anayepanga ni Phyllis."

"Phyllis wa kupakia?"

"Ndiye huyo."

"Basi wewe hapa kazi yako ni gani?"

Swali hilo lilinichoma, maana nilikuwa nalo tangu Kianjai. Phyllis akaitwa. Aliingia akijipangusa mikono kwa aproni, macho yake yakatua juu ya barua. Nyuma yake Kaberia alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mimi napakia tu, bwana," alisema kabla hajaulizwa.

"Mama," nikamwambia, "mweleze vile huwa unauliza watu pale kaunta."

Alinitazama kwa hasira, na alikuwa na haki, kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa mafichoni. Nilidhani nimemharibia kila kitu. Kisha akamgeukia Njiru.

"Huyu kijana anauliza mtu anakaa wapi. Mimi nauliza atakuwa wapi."

Njiru akacheka. "Si ni kitu kimoja?"

"Mama yako yuko hai, bwana?"

"Yuko."

"Anakaa wapi?"

"Siakago. Hata mti wa langoni naujua."

"Na kesho saa nne, atakuwa wapi?"

Njiru akaangalia dirishani ambako hakukuwa na chochote ila ukuta wa jirani. "Atakuwa…" akasema, kisha akavuta kiti akaketi kwa mara ya kwanza tangu afike. Tulisikia mtu akibisha kaunta, na hakuna aliyekwenda.

"Sijui," alisema mwishowe. "Haki, sijui."

Aliichukua barua ya Kaberia, akaigeuza upande mweupe, akachomoa kalamu. "Kesho gari la Nyambene, hilo la Maua na Laare, linaanza wapi?"

"Mimi sianzi na pa kuanzia," Phyllis akasema. "Naanza na cha mwisho."

Basi akamtajia kuanzia mwisho, mtu kwa mtu. Fulani jioni atakuwa kwa kinyozi. Fulani ana mgonjwa, apelekewe mlangoni. Fulani ni siku yake ya kikundi, mzigo uachwe kwa Mbaka mwenye posho mill ya kusaga mahindi. Njiru aliandika mpaka karatasi ikajaa. Chini kabisa akaandika *Imepangwa na*, akamsogezea kalamu. Phyllis aliikandamiza mno, herufi ya kwanza ikatoboa karatasi, lakini aliendelea hadi mwisho: Phyllis Kagure. Nyuma yake Kaberia alipenga makamasi kwa sauti kubwa, akadai ni vumbi.

Asubuhi ya Ijumaa sikujua niketi wapi. Phyllis alikuwa na karatasi mkononi na chaki sikioni.

"Kivuti, vua hiyo kamba ya shingoni, uje upakie."

Nilivua tai, nikashika boksi lililokuwa karibu. Akanipiga mkono.

"Hilo ni la kwanza. Weka chini."

Nilifanya kazi naye miaka tisa. Nilipandishwa cheo na kushushwa, kompyuta zikaja na zikaharibika, lakini mstari ule wa chini sikuutia sahihi tena. Na watu wanaponiuliza nilijifunza nini Meru, huwa nakumbuka siku moja, miezi minne baada ya barua ile, Njiru alipokuja kukagua. Hakukagua sana. Akiondoka aliacha kifurushi kaunta, ukikipapasa ni blanketi, kiende na gari la Embu hadi Siakago.

Phyllis alikigeuza atafute anwani. S.L.P. haikuwepo. Njiru alikuwa ameandika kwa mkono wake, herufi zimebanana mpaka pembeni: *Mama. Hadi saa nne atakuwa shambani upande wa mto, kwenye pojo. Baada ya hapo kanisani, mazoezi ya kwaya. Anaimba sauti ya pili.*

Phyllis aliisoma mara mbili. Alikiweka kifurushi kando, tukapakia gari la Embu lote likajaa, na mizigo yote ilipokwisha kuingia, akakichukua kile akakiweka mlangoni kabisa.