Glavu ya Mama Verdell

Jumamosi asubuhi Mama Verdell Pettway alifua glavu zake nyeupe, akazitia wanga, akazipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe mezani. Kesho yake ilikuwa zamu yake kanisani. Alikuwa muuguzi wa kanisa, mmoja wa wale akina mama wa sare nyeupe wanaodaka watu wanaoanguka Roho Mtakatifu akiwashukia, na huku kusini mwa Chicago hakuna aliyejua kusimama kama yeye: mkono mmoja nyuma ya mgongo, kidevu juu.

Alikuwa anazijaribu mkononi, mara risasi zikalia kwenye kona. Mjukuu wake Demarion alikuwa ametoka kununua maziwa. Bibi alitoka mbio, akamkuta chini, damu inamtoka ubavuni. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya jeraha. Damu ilipofika kwenye glavu ilisimama, kisha ikarudi ilikotoka. Glavu haikupata hata doa. Majirani waliona, wakasema wanga wa Verdell si mchezo.

Gari la wagonjwa lilishafika. Liliegeshwa mtaa wa pili, likisubiri polisi waseme kuna usalama, na polisi hawakuwa na haraka. Hospitali ya jirani ilishaacha zamani kupokea watu wa risasi, kwa hiyo gari lilipowachukua walivuka nusu ya jiji, bibi kiganja chake palepale.

Hospitalini, afande Kowalczyk alimfunga Demarion pingu kwenye chuma cha kitanda. Kijana alipigwa risasi, hakumpiga mtu. Afande alisema hilo litachunguzwa. Akachukua simu na viatu vya kijana, akaanza kumhoji anajuana na nani, na kijana mwenyewe hata midomo imemkauka. Kisha akamwambia bibi atoke, maana aliye chini ya ulinzi haruhusiwi ndugu.

"Nikiondoa mkono huu atakufa," alisema Mama Verdell.

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

Hakubishana naye. Alishawatoa walevi wengi kanisani bila kupandisha sauti, na huyu hakuwa wa kumpandishia. Aliuchomoa mkono taratibu, akaiacha glavu. Ikabaki imejaa, vidole vimetuna, imekandamiza vilevile. Afande alijaribu kuibandua aitie kwenye mfuko wa vielelezo, ikakataa. Daktari wa upasuaji akamwomba asogee, akapasua pembeni ya glavu, akashona, na hapo ndipo ilipolegea. Afande akaitia mfukoni pamoja na viatu.

Demarion alipoamka alivuta mkono, pingu ikalia. Bibi yake alikuwa mlangoni, hapitishwi.

"Bibi, kwani nimefanya nini?"

"Umenunua maziwa, baba. Inua kidevu."

Akakiinua. Mama Verdell alijisikia fahari.

Jumapili alisimama kanisani na glavu moja, mkono mtupu nyuma ya mgongo. Jumamosi iliyofuata Demarion alikuwa bado na pingu. Wauguzi wote wa kanisa walikuja jikoni kwa Verdell na glavu zao, naye akachemsha wanga kwenye sufuria ya sherehe. Walikuwa wanazipiga pasi, mara risasi zikalia mtaa wa nyuma. Gari la wagonjwa likaja, likaegesha mbali, likasubiri.

Akina mama walizima pasi, wakavaa glavu zikiwa bado za moto, wakatoka kwa mstari.