Kengele ya Chai

Mtoto aligoma kuingia chekechea bila babu yake, na mama alikuwa anachelewa kazini. Babu naye, zimamoto mstaafu, alikuwa ameapa kutokanyaga tena kituo chao cha zamani tangu kigeuzwe chekechea hiyo.

"Mwanangu, gari letu lilikuwa linalala pale penye midoli," alimnung'unikia mama huyo, mkwewe, lakini akaingia, akaketi kwenye kiti cha kitoto.

Mara ikalia kengele ya chai, ileile ya enzi za zimamoto. Mzee akachomoka mbio, akapapasa ukutani kutafuta buti zake, akakuta vikoba vya watoto. Darasa zima likamfuata mbio, mjukuu mbele.

"Tunazima nini, babu?"

"Njaa," akasema akihema. "Shikeni vikombe."

Mama akaaga mara mbili. Hakuna aliyegeuka, akaenda kazini akicheka.