Mkwe Aliyesikia Tairodi

Siku Achille alipokuja kwangu Kicukiro mara ya kwanza, alilisikia gari langu kabla ya kunisikia mimi. Nilikuwa naingia getini natoka sokoni. Yeye alikuwa amesimama na binti yangu Jolly, shati jeupe, viatu vinang'aa. Nilipokata kona gari likagonga kwa chini, ko-ko-ko, kama kawaida yake. Mkwe mtarajiwa akageuza shingo, akalitazama gurudumu la mbele kushoto. Halafu ndipo akakumbuka kwamba kuna mama wa kusalimiwa.

Nikasema moyoni, huyu ana jambo.

"Unafanya kazi wapi, baba?" nikamuuliza baada ya chai.

"Ku biro, mama. Kimihurura. Mambo ya kompyuta."

"Ofisi gani?"

"Iko karibu na pale pa mikutano."

Pale pa mikutano hata kuku anapajua. Nikamtazama vidole. Alikuwa amevisugua mpaka vimekuwa vyekundu, lakini pembeni mwa kucha ulibaki ule weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Naujua. Marehemu mume wangu, Mugenzi, alikuwa fundi wa magari tangu tukiwa Mwanza mpaka tuliporudi Rwanda, na maovaroli yake niliyafua kwa mikono hii.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini muda wangu ulikuwa mfupi zaidi. Wazee wa Achille walikuwa wamekwisha kupanga siku ya gufata irembo, waje kubisha rasmi langoni na kusema mbele ya kaka zangu kijana wao ni nani na anafanya nini. Nikiupokea uongo siku ile, nimemtoa mwanangu kwa mtu nisiyemjua.

Basi nikatega mtego. Jumamosi ya umuganda, tulipokwisha kuzibua mfereji pamoja na mtaa mzima, nikamwita Achille. Nikamwambia gari linagonga, na mafundi siwaamini, ukigeuka tu wamekubadilishia hata vioo. Tairodi mpya nimekwisha kuinunua Sonatubes, zana za marehemu zipo. Mtu wa kompyuta atashindwaje na nati moja?

Tairodi, kwa asiyeijua, ndiyo inayopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Mkia wa kiungo chake umechongoka kidogo, unaingia kwenye tundu la mkono wa chuma, kisha unakazwa kwa nati. Ukikaa miaka, kutu huushika humo, na nati ukiitoa wala haujali.

Nikakaa kwenye kigoda na ungo wa maharage, nikajifanya nachambua. Achille akapiga jeki, akatoa tairi. Spana aliishika kama mwiko wa ugali. Akatoa nati, akaanza kuigonga ncha ya mkia kwa nyundo. Hapo ndipo hasa pasipogongwa, maana unaharibu nyuzi za kukazia nati na mkia hautoki. Lakini asiyejua hugonga hapo kwa nguvu zote. Achille aligonga polepole, kama anayempigapiga mtoto mgongoni acheue. Alikuwa anazihurumia nyuzi. Mtu wa kompyuta azihurumie nyuzi za nini?

"Imekataa, mama," akasema. "Tuipeleke ku gereji."

"Rudisha nati. Kesho asubuhi nakwenda Byumba kumwona dada yangu. Nitakwenda nalo hivyohivyo."

Sikuwa na safari. Byumba sina dada wala shangazi. Nilitaka kumwona atafanyaje.

Akakishika kile kiungo, akakitikisa. Kikacheza kama jino la mtoto.

"Hapana, mama. Na hii huendi."

"Nani atanizuia? Gari ni langu."

"Itachomoka ku kona. Utakufa, mama."

Mkwe mwingine angeniombea safari njema. Yeye akamtazama Jolly, aliyekuwa amesimama mlangoni, na Jolly akamtikisia kichwa: hapana. Nikaliona. Achille naye aliliona, lakini akavua lile shati jeupe, akalitundika kwenye kioo cha pembeni.

"Nipe nyundo mbili, mama. Kubwa na ya kawaida."

Mikono yake ikawa mingine. Akairudisha nati kwa nyuzi chache tu, ili kiungo kikiachia kisiruke. Nyundo kubwa akaiegemeza upande mmoja wa lile tundu la chuma, akapiga upande wa pili, kavu. Mkia hakuugusa tena. Akapiga, akapiga, kitu kikalia humo ndani, na kiungo kikashuka kikaning'inia kwenye nati. Alipokuwa akiifungua tairodi ya zamani akawa anahesabu mizunguko kimoyomoyo, midomo ikimcheza, ili mpya ikae palepale na gari lisivute upande. Alifanya yote kama Mugenzi, hata kule kuipangusa nati kwa kidole gumba kabla ya kuifunga. Nilitaka kulia. Nikakasirika.

"Gereji yako iko wapi?"

Hakuinua macho. "Kimisagara, mama. Tuko wawili, mimi na Melchior."

"Na kompyuta?"

"Sina. Mbabarira, unisamehe, mama."

Niliinuka na maharage yakamwagika. "Wazee wa watu waje na mvi zao kusema uongo langoni kwangu? Waambie wasije!"

"Ni mimi," Jolly akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi njo nilimwambia aseme hivyo. Alikataa, nikamlilia. Hata shati nimenunua mimi."

"Kwa nini? Mimi mke wa fundi, nimkatae fundi?"

"Norman ulimkataa kwa sababu anacheka sana. Rwema ulimfuata mpaka kazini kwake. Baba mwenyewe akirudi ulikuwa unamnusa. Ningejuaje utakubali nini?" Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata la kumjibu. "Na huyo dada yako wa Byumba ni nani, mama?"

Iliniuma, sitaficha. Mtoto niliyemzaa alikuwa amekaa akapanga namna ya kunipita, kama madereva wanavyopanga kumpita polisi wa barabarani. Na nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Nikamgeukia Achille. "Vaa shati. Wazee waje. Na waseme fundi, kwa sauti, kaka zangu wasikie. Wakitaja ofisi, lango nalifunga mwenyewe."

"Yego, mama." Akarudi kukaza nati.

Jolly akapiga magoti kunisaidia kuokota maharage.

"Kuna lingine umenificha?" nikamuuliza.

Mkono wake ukasimama. Hakunitazama. Kisha akaendelea kuokota, moja moja, akiyapuliza vumbi.

Nikajua lipo. Siku nyingine ningelitoa kwa koleo. Lakini niliogopa kwamba nikiuliza tena atanidanganya, na kwamba nitamwamini.

"Nenda kampe mwenzako maji anawe," nikamwambia.